Saratani: Jinsi nuru inavyosoma siri za ugonjwa katika tone la damu

UGONJWA wa saratani huua zaidi unapochelewa kujulikana. Madaktari wamelirudia jambo hilo kwa miaka mingi, na takwimu zinawaunga mkono. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), watu 44,726 walipatwa na saratani nchini Kenya mwaka wa 2022. Mwaka huo huo, maradhi hayo yalisababisha vifo 29,317. Kwa maneno mengine, kwa kila wagonjwa wapya watatu kulitokea takriban vifo viwili.

Sababu mojawapo ya hali hiyo ni kwamba wagonjwa wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umekwisha kuenea. Sababu nyingine ni ugumu wa uchunguzi wenyewe. Ili saratani ithibitishwe, daktari hana budi kuchukua kinofu cha nyama kutoka mahali panaposhukiwa, ama kwa sindano nene ama kwa upasuaji, kisha mtaalamu wa patholojia akitazame kwa hadubini. Njia hiyo ndiyo inayoaminika zaidi hadi leo. Hata hivyo, inahitaji uvimbe uwe umekwisha kuonekana. Isitoshe, viungo kama kongosho na mapafu vimejificha ndani sana, na kuvifikia kwa sindano kuna hatari zake.

Ni kutokana na vikwazo hivyo ambapo watafiti katika mataifa mbalimbali wamekuwa wakitafuta njia ya kuugundua ugonjwa huu bila kisu. Mojawapo ya njia zinazochunguzwa kwa makini ni kumulika kwa miale ya leza vifuko vidogo mno ambavyo seli hutoa na kuviachia ndani ya damu, mkojo na mate. Makala haya yanaeleza vifuko hivyo ni nini, nuru huvisoma vipi, matokeo yaliyopatikana kufikia sasa ni yapi, na kwa nini matokeo mazuri ya maabarani hayatoshi kuokoa maisha.

Vifuko vya seli ni nini?

Kila seli ya mwili, iwe nzima au yenye maradhi, hutoa vifuko vilivyozingirwa na utando wa mafuta. Vile vidogo zaidi, vinavyotengenezewa ndani ya seli kabla ya kutolewa nje, huitwa eksosomu. Upana wa eksosomu ni kati ya nanomita 30 na 150 hivi. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa katika sehemu bilioni moja. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi, na kwa hivyo vifuko 800 vyenye upana wa nanomita 100 vinaweza kupangwa mstari mmoja katika upana wa unywele huo.

Udogo huo haumaanishi kwamba vifuko hivyo ni vitupu. Juu ya utando wake mna protini zilezile zilizo juu ya seli iliyovitoa. Ndani yake mna protini nyingine, mafuta ya aina mbalimbali na vipande vya RNA, yaani nakala za maagizo ya kijeni. Ndiposa kifuko kilichotoka kwenye seli ya ini hutofautiana na kilichotoka kwenye seli ya pafu, na kilichotoka kwenye seli ya saratani hubeba dalili za saratani hiyo.

Faida yake kwa daktari ni dhahiri. Uvimbe uliojificha ndani ya kongosho hauwezi kuguswa kwa urahisi, lakini vifuko vyake husafiri katika damu hadi kwenye mshipa wa mkono, ambapo muuguzi yeyote anaweza kuvichota kwa sindano ya kawaida.

Kutoka uchafu hadi ujumbe

Wanasayansi hawakuithamini elimu hii kwa haraka. Mnamo 1946, Erwin Chargaff na Randolph West, waliokuwa wakichunguza jinsi damu inavyoganda, waliona kwamba umajimaji wa damu uliondolewa seli ulikuwa bado na vitu vidogo vyenye uwezo wa kuigandisha. Mwaka wa 1967, Peter Wolf wa Uingereza alivieleza vitu vya aina hiyo kuwa vumbi linalotoka kwenye chembe za kugandisha damu.

Mnamo 1983, makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali yalikaribia ukweli. Moja liliongozwa na Rose Johnstone wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, nchini Kanada, na jingine na Philip Stahl wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Wote walikuwa wakichunguza seli nyekundu za damu zinapokomaa. Waligundua kwamba seli hizo huitoa nje protini inayopokea madini ya chuma, ikiwa imefungwa ndani ya vifuko. Johnstone na wenzake walivipa vifuko hivyo jina eksosomu katika maandishi yao ya 1987.

Kwa miaka mingi baadaye, wengi waliviona vifuko hivyo kuwa mifuko ya taka tu, ambayo seli hutumia kutupia kile isichokihitaji. Dhana hiyo ilianza kubadilika mwaka wa 1996, Graça Raposo na wenzake walipoonyesha kwamba vifuko vya seli fulani za kinga vinaweza kuzichochea seli nyingine za kinga. Mnamo 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Uswidi, wakiwemo Hadi Valadi na Jan Lötvall, walionyesha kwamba eksosomu hubeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine, na kwamba seli inayopokea huweza kuitumia RNA hiyo. Kumbe haikuwa taka bali ujumbe.

Mwaka mmoja baadaye, 2008, watafiti wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston waliutafuta ujumbe huo katika damu ya watu wenye aina hatari ya saratani ya ubongo iitwayo glioblastoma. Kati ya wagonjwa 25, vifuko vya damu ya wagonjwa saba vilikuwa na RNA yenye kasoro ambayo hutokea katika uvimbe wa aina hiyo. Idadi hiyo haikuwa kubwa. Hata hivyo, ilithibitisha kwamba habari za uvimbe ulio ndani ya fuvu zinaweza kusomwa kutoka kwenye damu ya mkononi.

Mhindi aliyeshangazwa na rangi ya bahari

Swali lililobaki lilikuwa jinsi ya kusoma kitu kidogo kiasi hicho. Hadubini ya kawaida haifui dafu, kwa kuwa mawimbi ya nuru inayoonekana kwa macho yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Kitu kilicho kidogo kuliko nusu ya wimbi hakiwezi kuonekana umbo lake sawasawa. Hata hivyo, nuru inaweza kueleza habari za kitu isichoweza kuonyesha sura yake, na msingi wa elimu hiyo uliwekwa nchini India takriban karne moja iliyopita.

Mwaka wa 1921, mwanafizikia Chandrasekhara Venkata Raman alikuwa melini akirejea nyumbani kutoka Uingereza. Alipopita katika Bahari ya Mediterania alivutiwa na ubuluu wa maji yake. Wakati huo wengi waliamini kwamba bahari huonekana ya buluu kwa kuwa huakisi rangi ya mbingu. Raman hakuridhika na maelezo hayo. Alianza kuchunguza jinsi nuru inavyotawanywa na vitu vya majimaji, na tarehe 28 Februari, 1928, mjini Calcutta ambao sasa huitwa Kolkata, yeye na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walipata jawabu lililomletea Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1930.

Alichogundua Raman ni hiki. Nuru ya rangi moja inapopiga kitu, sehemu kubwa ya nuru inayotawanyika hurudi ikiwa na rangi ileile. Lakini sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo. Mabadiliko hayo hutokea kwa sababu molekuli za kitu hicho hutikisika, na nuru inapozigusa hupoteza au kupata kiasi fulani cha nishati. Kila muungano wa atomi una mtikisiko wake, kama vile kila uzi wa udi au wa nyatiti ulivyo na sauti yake. Mpiga ala hodari huutambua uzi uliopigwa hata akiwa amefumba macho. Vivyo hivyo, mtaalamu anayeitazama nuru iliyorudi hutambua kama imegusa mafuta, protini au RNA, na kwa kiasi gani.

Mchoro unaoonyesha mabadiliko hayo ya rangi huitwa spektra ya Raman. Kwa kuwa kifuko cha seli ya saratani kina mchanganyiko wa mafuta na protini uliotofautiana na wa kifuko cha seli nzima, spektra zao pia hutofautiana. Tofauti hiyo ndiyo inayosakwa.

Dhahabu yaongeza nguvu

Kulikuwa na kikwazo kimoja kikubwa. Nuru inayobadilika rangi kwa njia aliyoigundua Raman ni haba mno, takriban chembe moja ya nuru kati ya milioni kumi. Kupatikana kwa leza, iliyoundwa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka wa 1960, kulisaidia sana kwa kuwa leza hutoa nuru kali ya rangi moja. Hata hivyo, kwa vitu vidogo kama eksosomu, nguvu hiyo pekee haikutosha.

Suluhisho lilitoka katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Mnamo 1974, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan waliripoti kwamba molekuli zilizokaa juu ya fedha iliyokwaruzwa zilirudisha nuru ya Raman yenye nguvu isiyotarajiwa. Mwaka wa 1977, watafiti wengine, akiwemo Richard Van Duyne wa Marekani, walionyesha kwamba nguvu hiyo haikutokana tu na wingi wa molekuli. Madini yenyewe yalikuwa yakiikuza nuru. Nuru inapopiga vijipunje vya fedha au dhahabu, elektroni zilizo juu yake huyumba kwa pamoja kama mawimbi ya ziwa, na mahali vijipunje vinapokaribiana nuru hukusanyika kwa nguvu nyingi. Molekuli iliyo katika pengo hilo huweza kutoa ishara iliyokuzwa mara milioni moja au zaidi.

Siku hizi, uchunguzi wa aina hii hufuata hatua zinazofanana katika maabara nyingi. Damu hutolewa na seli zake kuondolewa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi. Umajimaji unaobaki huchujwa ili vifuko vitenganishwe na protini nyingine. Tone lenye vifuko hudondoshwa juu ya kibati chenye vijipunje vya dhahabu, kisha leza huelekezwa hapo na spektra kurekodiwa. Hatimaye programu ya kompyuta, iliyofunzwa kwa maelfu ya spektra za wagonjwa na za watu wazima wa afya, hutoa uamuzi.

Ipo pia njia nyingine ya nuru isiyotumia ugunduzi wa Raman. Mwaka wa 2014, watafiti wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, wakiwemo Hakho Lee na Ralph Weissleder, walieleza kifaa chenye utando mwembamba wa dhahabu uliotobolewa matundu madogo mno kwa mpangilio maalumu. Matundu hayo hupakwa vitu vya kunasa protini fulani. Vifuko vyenye protini hiyo vinaponaswa, rangi ya nuru inayopenya hubadilika. Watafiti hao walikijaribu kifaa hicho kwa maji yanayojaa tumboni mwa wanawake wenye saratani ya ovari, na wakaona kwamba protini ziitwazo EpCAM na CD24 ziliweza kuwatofautisha wagonjwa na wasio wagonjwa wa saratani hiyo.

Matokeo kutoka Korea

Matokeo yaliyozua matumaini makubwa zaidi yalitoka katika Chuo Kikuu cha Korea mjini Seoul, Korea Kusini. Mnamo 2020, watafiti wa chuo hicho walichapisha uchunguzi kuhusu saratani ya mapafu. Kompyuta ilifunzwa kwanza kwa eksosomu kutoka seli zilizokuzwa maabarani, kisha ikapewa eksosomu za damu ya wagonjwa 43, wakiwemo waliokuwa katika hatua ya kwanza na ya pili ya ugonjwa. Iliripotiwa kwamba eksosomu za asilimia 90.7 ya wagonjwa hao zilifanana na za seli za saratani kuliko wastani wa watu wasio wagonjwa.

Mwaka wa 2023 walipiga hatua zaidi. Walitumia kipimo kimoja kutafuta saratani za aina sita: ya mapafu, matiti, utumbo mpana, ini, kongosho na tumbo. Sampuli za watu 520 zilitumiwa kukipima kipimo hicho. Kiliwatambua asilimia 90.2 ya wenye saratani, na kiliwaondolea shaka asilimia 94.4 ya wasio nayo. Isitoshe, kwa asilimia 72 ya waliopatikana na dalili, kiliweza kutaja kiungo kilichoathirika.

Takwimu hizo ni za kutia moyo, hasa kwa kuwa wagonjwa wengi waliochunguzwa walikuwa katika hatua za mapema. Lakini msomaji asifanye haraka kuamini kwamba kipimo kinachopatia mara tisa kati ya kumi kiko tayari kupelekwa katika kila zahanati. Hapa ndipo penye fundo la suala zima.

Hesabu ya umati wa wazima

Mathalan, tuseme kipimo chenye uwezo huohuo kinatumiwa kwa watu wazima 100,000 wasio na dalili zozote, na kwamba kati yao 200 wana saratani ambayo bado haijajulikana. Kipimo kitawatambua 180 kati ya hao 200, na kuwakosa 20. Hadi hapo ni jambo jema.

Wabakiao ni watu 99,800 wasio na saratani. Kipimo kinachowaondolea shaka asilimia 94.4 kitawatia hofu asilimia 5.6 waliosalia, ambao ni watu 5,589. Jumla ya watakaoambiwa kwamba huenda wana saratani ni 5,769, na kati yao ni 180 tu walio nayo kweli. Hao ni takriban watatu katika kila mia. Waliosalia watapoteza usingizi, watatumia pesa kwa picha za mashine ya CT na wengine watachomwa sindano ya kutolea kinofu, ilhali hawaumwi.

Hesabu hubadilika kipimo hichohicho kinapotumiwa kwa watu walio katika hatari kubwa. Tukichukua watu 1,000 wenye dalili za kutiliwa shaka, na 100 kati yao wawe na saratani, kipimo kitawatambua 90 na kuwatia hofu ya bure 50 hivi. Hapo, karibu thuluthi mbili ya wanaoambiwa wana dalili watakuwa wagonjwa kweli. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Kwa hivyo swali la kuulizwa kuhusu kipimo chochote kipya si usahihi wake pekee. Ni nani atakayepimwa, na kwa sababu gani.

Funzo la saratani ya ovari

Lipo suala jingine lililo zito zaidi. Hata kipimo kinapogundua saratani mapema, si lazima kipunguze vifo. Funzo hilo lilitoka Uingereza, katika utafiti mkubwa uliohusu saratani ya ovari, ugonjwa uleule uliomuua mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, Profesa Wangari Maathai, jijini Nairobi mnamo Septemba 25, 2011. Saratani hiyo huogopwa kwa kuwa dalili zake, kama vile kuvimba tumbo na kushiba haraka, hudhaniwa kuwa maradhi madogo.

Kati ya 2001 na 2005, utafiti huo uliwaandikisha zaidi ya wanawake 200,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 74. Baadhi walipimwa kila mwaka protini ya damu iitwayo CA125, wengine walipigwa picha za mawimbi ya sauti, na wengine hawakupimwa. Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka wa 2021. Kipimo cha damu kilikuwa kimewagundua wanawake wengi zaidi wakiwa katika hatua za mapema. Hata hivyo, idadi ya waliofariki kutokana na saratani ya ovari haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa ikilinganishwa na wale ambao hawakupimwa.

Kazi ya miaka 20 na wanawake 200,000 ilihitajika ili ukweli huo ujulikane. Kipimo cha kutumia nuru na vifuko vya seli bado hakijapitia mtihani wa aina hiyo, na hakijaingia katika huduma za kawaida za hospitali.

Damu ya huku kwetu

Kwa Kenya na majirani zake kuna maswali ya ziada. Kompyuta hujua tu kile ilichofundishwa. Iliyofunzwa kwa damu ya wakazi wa Seoul haiwezi kudhaniwa kwamba inaijua damu ya mkazi wa Kisumu au Kilifi. Mnamo 2013, watafiti walionyesha kwamba seli nyekundu zilizoingiliwa na viini vya malaria pia hutoa vifuko, na kwamba viini hivyo hutumia vifuko hivyo kuwasiliana. Mtu mwenye malaria ana vifuko katika damu yake ambavyo mgonjwa wa Korea hana. Iwapo mashine haikufunzwa kuvitambua, haijulikani itavihesabu kuwa nini.

Aidha, vifuko vinavyotoka kwenye uvimbe mchanga ni vichache mno vikilinganishwa na vinavyotoka kwenye seli za damu zenyewe. Chembe za mafuta zinazosafirisha lehemu mwilini nazo hukaribiana na vifuko kwa ukubwa, na idadi yake huvishinda kwa mbali. Mtu aliyetoka kula, au damu iliyokaa saa nyingi kabla ya kuchujwa, huweza kubadilisha matokeo. Ndiyo maana Jumuiya ya Kimataifa ya Vifuko vya Seli, ISEV, imetoa miongozo ya utafiti mara tatu, mwaka wa 2014, 2018 na 2023, ili maabara zote zifuate taratibu zinazolingana.

Mashine yenyewe si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyofikiri. Vifaa vya Raman vya kushikwa mkononi vipo tayari, na shirika la kudhibiti vyakula na dawa nchini Nigeria, NAFDAC, limevitumia kutambua dawa bandia. Ugumu uko katika kuiandaa damu: mashine za kuichuja, majokofu ya baridi kali, umeme usiokatika na wahudumu waliofunzwa. Tembe ya dawa inaweza kumulikwa popote, lakini tone la damu huharibika.

Hata hivyo, mahali ambapo kipimo hiki kikikomaa kingeweza kufaa panajulikana. Saratani ya umio huwaathiri watu wengi katika eneo la magharibi mwa Bonde la Ufa, na Hospitali ya Tenwek katika Kaunti ya Bomet imeshughulika nayo kwa miaka mingi. Leo, mtu anayeshukiwa kuwa nayo hana budi kupitishiwa kooni mpira wenye kamera, huduma isiyopatikana katika zahanati za vijijini. Kipimo cha damu kingeweza kusaidia kuamua ni nani anayepaswa kufunga safari hiyo kwanza. Ili hilo liwezekane, sampuli za damu za watu wa eneo hilo lazima ziwe miongoni mwa zile zinazoifunza kompyuta.

Yaliyopo yasipuuzwe

Wakati utafiti huo ukiendelea, ni vyema ikumbukwe kwamba zipo saratani zinazoweza kuzuiwa au kugunduliwa mapema kwa njia zilizokwisha kuthibitishwa. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa karibu kila mara na virusi vya HPV, na Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa umri wa miaka 10 dhidi ya virusi hivyo mnamo Oktoba 2019. Mnamo Novemba 2020, WHO ilizindua mpango wa kuitokomeza saratani hiyo. Mpango huo unataka, kufikia 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaopatikana na ugonjwa watibiwe.

Nambari hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Kumwambia mtu kwamba ana saratani, kisha akakosa mtaalamu, dawa au mashine ya miale, ni kumwongezea miezi ya hofu bila kumwongezea siku za kuishi. Serikali inayopanga kununua vipimo vipya haina budi kupanga pia ni nani atakayewatibu watakaopatikana.

Hivyo basi, kila inapotangazwa kwamba kuna kipimo kipya cha saratani, iwe cha nuru, pumzi au mate, yafaa msomaji aulize mambo manne. Kwanza, ni watu wangapi waliopimwa, na je, walijulikana tayari kuwa wagonjwa? Pili, kati ya watu wazima wasio na ugonjwa, ni wangapi walioambiwa wanao? Tatu, je, imeonyeshwa kwamba waliopimwa walikufa wachache kuliko ambao hawakupimwa? Nne, anayepatikana nao atatibiwa wapi, na kwa gharama ya nani?

Kufikia sasa, uchunguzi wa vifuko vya seli kwa nuru una jibu zuri kwa swali la pili pekee, tena ndani ya maabara. Raman alitoka kwenye meli mwaka wa 1921 na akafanya kazi kwa miaka saba kabla ya kuipata siri ya nuru. Wanaoitafuta siri ya saratani kwa nuru hiyo wana majibu matatu zaidi ya kutoa.